Mtetemo Mgongoni mwa Saidati

Mukeshimana Saidati hapendi kuulizwa kitu akiwa na pini mdomoni. Nimekaa naye meza kwa meza katika karakana yetu ya ushonaji hapa Nyamirambo tangu mwanangu Ganza akiwa shule ya msingi, na sasa Ganza ananyoa ndevu, lakini bado nasahau. Namuuliza, ananitazama tu, mpaka najijibu mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, wa maneno ya kupimwa. Babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka Ujiji, akaoa Mnyarwanda, akazikwa hapa. Kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kurithi, si cha kuokota. Changu nilikitoa Karagwe, nilikozaliwa wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Kila mmoja wetu anaamini kwamba cha mwenzake kina kasoro.

Mimi ni Médiatrice, ila pale wananiita Mama Ganza. Nasema sana, najua, na sina nia ya kuacha. Mwenye karakana alituweka jirani akidhani mimi nitapoa na yeye atachangamka. Alipoteza muda wake.

Saidati alikaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto. Mumewe, Nasiri, anauza vipuri vya pikipiki mtaa wa Muhima, mtu wa mdomo mwepesi na moyo laini, na katika miaka yote hiyo hakumsema mkewe hata kwa mafumbo. Alipozaliwa binti wakamwita Shimwa, jina la kushukuru. Arobaini ilipoisha Saidati akarudi kazini na mtoto mgongoni, amefungwa kwa mbeleko ya kitenge cha kijani, na hivyo ndivyo walivyoshona pamoja, mama amekaa kwenye kigoda kisicho na egemeo, mtoto amelaza shavu kati ya mabega yake. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Nusu ya watoto wa Nyamirambo wamelelewa na cherehani.

Yake ilikuwa ya miguu, ya marehemu shangazi yake, na gurudumu lilikuwa limelegea. Ikikimbia, hata chai iliyokuwa mezani kwangu ilicheza kikombeni.

Siku moja, bila kuinua macho, akaniambia, "Mtoto ananguruma mgongoni kwangu. Kama paka."

"Ni hiyo mashini yako," nikamwambia, na karakana nzima ikaitikia. Cherehani ile ingetetemesha mlima.

"Hata nikiwa natembea iko."

Hilo nalo tulilijibu. Wewe panda pikipiki kutoka Kanombe mpaka hapa, ushuke, utaona mapaja yanavyoendelea kutetemeka peke yake. Mwili hauachi haraka kitu ulichozoea. Saidati aliridhika. Mtu akikaa siku nzima juu ya kitu kinachotetemeka, atajuaje kwamba mtetemo mmoja unatoka kwingine?

Shimwa alikuwa mtoto mpole. Kila mteja alimsifu kwa upole huo, maana kwetu mtoto asiyesumbua ni mtoto aliyelelewa. Alinyonya kidogo, akaachia ziwa, akahema, akanyonya tena. Kipaji cha uso kilimlowa jasho hata asubuhi ya baridi. Kikohozi kilimpata, kikawa nimonia, akachomwa sindano, akapona, ikarudi. Mama yake Nasiri alisema ni kwa sababu Saidati alikanyaga cherehani akiwa mjamzito, na siku ile Saidati alishona vibaya, akafumua mikono ya sare mpaka jioni.

Idi ya pili ya Shimwa, Saidati alimkatia gauni kwa paterni ile ile ya karatasi aliyoitumia Idi ya kwanza. Gauni likamtosha. Sisi mafundi, ambao kazi yetu ni vipimo vya watu, tuliona wote, na hakuna aliyefungua mdomo. Mtoto wa mtu humsemi mwili. Unasema mashallah, unageuza macho.

Halafu mambo yakawa mazuri, na hapo ndipo hadithi inaponiuma. Nasiri alimnunulia mkewe cherehani mpya ya umeme, laini, inayolia kwa sauti ya chini. Baada ya muda Saidati akagundua kwamba mgongo wake umetulia. Ule mngurumo ulififia, ukawa kidogo, ukaisha. "Kumbe kweli ilikuwa mashini," alisema, na akatabasamu, jambo ambalo halitokei kila mwezi. Isitoshe, jasho la Shimwa likakauka. Nimonia ikaacha kurudi. Mtoto bado alikuwa mwepesi, bado alibebwa mgongoni katika umri ambao wenzake walikuwa wakivunja vyombo, lakini alikuwa haugui. Nasiri akafanya dua ya shukrani, pilau likapikwa uani, na sisi Wakristo wa karakana tukala kuliko wenye dini yao.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hakuna aliyelikumbuka neno hilo siku ya pilau.

Shimwa alikuwa ametimiza miaka mitatu alipopata homa ya kawaida. Daktari kijana wa zamu alimwekea kifaa chake kifuani, akakihamisha, akakirudisha, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko homa ilivyostahili. Akawatuma kwa daktari wa moyo wa watoto. Saidati akaja mezani kwangu, safari hii bila pini mdomoni.

"Mama Ganza, twende wote. Wewe unaulizaga. Mimi nitanyamaza, nirudi bila kujua kitu. Na Nasiri ataongea mpaka dokta asahau."

Tulikwenda watatu na mtoto. Dokta Kaliza ni mwanamke mdogo wa umbo, amekulia Uganda, Kiswahili chake anakitafuta neno kwa neno, lakini anakupa muda wote unaoutaka. Alimpaka Shimwa mafuta ya baridi kifuani na kumpitishia kifaa cha kupigia picha ya moyo. Kwenye kioo tukaona kitu kinapiga, kinapiga, na rangi nyekundu na buluu zikipishana. Kisha akatuketisha.

"Moyo uko na upande wa kushoto na wa kulia," alisema. "Katikati kuna ukuta. Shimwa alizaliwa na tundu kwenye ule ukuta. Kushoto kuko na nguvu sana, kunasukuma damu mwili mzima. Kulia kunasukuma kwenye mapafu tu, polepole. Sasa damu ya kushoto inapita kwenye tundu kwa nguvu, inaenda kulia, inarudi kwenye mapafu tena, bure. Mapafu yanajaa, mtoto anahema, anatoka jasho, hanenepi. Moyo unafanya kazi mara mbili."

"Ni mimi nilikosa?" Saidati akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza. "Nilikuwa nakanyaga mashini na mimba."

"Hapana, mama. Ule ukuta unajifunga mapema, wakati mimba ni changa sana, wengine hawajui hata kama wako nayo. Kwa mtoto mmoja unafunga, kwa mwingine unabaki wazi. Mara nyingi hatujui kwa nini. Mashini haihusiki." Akachukua kalamu. "Ulikuwa unambeba mgongoni? Hukusikia kitu kinatetemeka?"

Saidati alinitazama mimi kabla ya kumtazama daktari. "Nilisikia. Tulijua ni mashini."

"Bado unasikia?"

"Hapana. Iliisha." Na akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema, "Na kifua pia kilipona."

Dokta Kaliza aliweka kalamu mezani. Tangu siku hiyo sipendi kuona daktari anaweka kalamu mezani.

Alitueleza taratibu, na nikamrudisha nyuma kila nilipopotea, maana ndiyo kazi iliyonipeleka. Ule mngurumo ulikuwa damu yenyewe, ikipenya tundu kwa kasi. Mngurumo ukiisha, kuna mambo mawili. Huenda tundu limejiziba, na yapo matundu yanayojiziba yenyewe mtoto akikua, familia ikafurahi na kusahau. Au tundu lipo vile vile, ila mishipa ya mapafu imechoka kupokea damu nyingi, imeanza kukakamaa, na upande wa kulia sasa unasukumana sawasawa na wa kushoto. Hapo damu haikimbii tena, kwa hiyo hailii. Mapafu hayalowi tena, kwa hiyo kikohozi kinakoma, jasho linakauka, na mtoto anaonekana kapona.

"Na wa kwetu ni lipi?" Nasiri akauliza.

"Tundu liko," alisema. "Nimeliona."

Kilichobaki kujulikana kilikuwa kimoja. Mishipa ikiwa imekakamaa kidogo, tundu linazibwa, na mapafu yanapata nafuu. Ikiwa imekakamaa kabisa, tundu haliguswi tena, maana linakuwa ndilo mlango pekee wa moyo kupumulia. Ukiuziba, unamuua mtoto mezani. Basi anabaki nalo, midomo inakuwa ya buluu mwaka hadi mwaka, na maisha yake yanakuwa mafupi. Ili kujua, watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wapime msukumo wa damu kutoka ndani. Tukaambiwa turudi baada ya wiki moja.

Nasiri alilia ngazini, akaongea, akalia tena. Saidati alimfunga mtoto mgongoni, akavuta mbeleko, akauliza njia ya kutokea.

Niseme ukweli, nilimkasirikia. Wiki ile alikuja kazini kila siku. Kulikuwa na sare za shule, na alizishona, kola baada ya kola, mishono imenyooka. Wanyarwanda husema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, na nilidhani ya kwake yamefuata njia hiyo hiyo, kwa ukaidi tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa, lakini basi tuuone kidogo, nasi tupate la kufariji. Watu walimwambia "ihangane," yaani vumilia, akasema "murakoze," asante, akakata uzi.

Kisha siku moja sindano ya ile cherehani ya umeme ikamwingia kidoleni. Niliisikia kabla sijaiona, ule mlio mzito wa sindano kukuta kitu kisicho kitambaa. Ilikuwa imepita kwenye ukucha. Saidati aliitazama. Akazungusha gurudumu kwa mkono wa pili, sindano ikapanda, akatoa kidole, akasogeza lile shati jeupe lisije likaingia damu. Akaendelea kulitazama shati.

"Hakiumi?" nikamuuliza.

"Sijui," alisema. "Mama Ganza, hakuna kitu kinachoniuma. Nimekuwa hivi tangu kwa dokta. Nakula sisikii chumvi. Nasiri akilia namwona kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Na huyu," akaelekeza kichwa nyuma, kwa mtoto aliyelala, "nikimbeba sisikii uzito wake. Mgongo umekufa ganzi."

Nilikifunga kidole kile kwa kitambaa. Hasira yangu iliisha hapo, na sikuwa na kitu cha kuweka mahali pake.

Siku ya kipimo tulikaa benchi moja. Nasiri alisimulia habari za plagi na minyororo kwa mtu tusiyemjua. Dokta Kaliza alipotoka, kofia ya kijani bado kichwani, alichuchumaa mbele ya Saidati, kitu ambacho madaktari hawafanyi.

Msukumo ulikuwa juu, alisema, juu sana. Lakini walimvutisha Shimwa oksijeni, wakapima tena, ukashuka. Maana yake mishipa bado inalegea ikibembelezwa. Haijawa jiwe. "Tumechelewa, lakini mlango haujafungwa. Tunamfanyia upasuaji haraka. Iko hatari kuliko mtoto aliyekuja mapema, siwadanganyi."

"Sawa," Saidati alisema.

Mambo ya karatasi na mituweli, bima yetu ya afya, nayaruka; yalichosha, yakaisha. Usiku wa kuamkia upasuaji sikuwapo. Asubuhi yake nilikuwapo, na daktari wa upasuaji alieleza kwamba moyo utasimamishwa kwa muda, mashine kubwa itapokea kazi yake na ya mapafu, na wao watashona kiraka juu ya tundu.

"Kiraka cha kitambaa gani?" Saidati akauliza.

Nilimtazama. Daktari hakucheka. Alisema ni kitambaa maalumu, kisichooza wala kunyonyoka, na kwamba nyama ya moyo yenyewe itatambaa juu yake polepole mpaka kisionekane tena.

"Na hakitakuwa kidogo akikua?"

"Hapana. Moyo utakua kukizunguka."

Akaitikia kwa kichwa, kama anavyofanya mteja akimweleza vizuri anachotaka. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi kwa muuguzi. Mbeleko aliikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo ya kuingia mfukoni.

Shimwa alitoka salama. Nasema kwa mkato kwa sababu ndivyo nilivyoipokea habari. Nilidhani furaha itanijia kwa kishindo, niwe nimepiga magoti. Haikuja. Tulimwona Shimwa kupitia kioo, amelala na mirija, kifua kimefungwa bandeji nyeupe, na kwenye skrini mstari wa kijani ukipanda na kushuka. Siku za kwanza mapafu yalimsumbua, wakamwacha kwenye mashine ya kupumulia kuliko walivyokusudia. Saidati alisimama penye kioo kila siku. Wauguzi walipomwambia mtoto anaendelea vizuri alijibu "sawa". Walipomwambia leo si vizuri sana alijibu "sawa" ile ile.

Shimwa alirudi nyumbani. Mfupa wa kifua ulitakiwa uunge kwanza, asibebwe mgongoni wala kuvutwa mikono. Saidati alitii. Akaja kazini na mtoto ameketi juu ya mkeka chini ya meza, akicheza na vipande vya nguo. Bado alikula bila kusikia chumvi. Aliniambia mwenyewe, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

Asubuhi moja akafika na ile mbeleko ya kijani. Daktari alikuwa ameruhusu. Akainama, akamweka Shimwa mgongoni, akavuta pembe, akafunga fundo juu ya kifua. Mimi nikaondoa mguu kwenye cherehani yangu. Mwingine naye akasimamisha yake, na mwingine, mpaka karakana ikanyamaza. Sijui nani alituambia. Nje tu ndiko kulikosikika pikipiki zikipandisha mlima.

Saidati alisimama wima katikati yetu, macho amefumba, anasikiliza kwa mgongo. Uso wake ukabadilika, na haukubadilika kwa furaha.

"Kimya," alisema. "Mama Ganza, kuko kimya. Kama ile ya kwanza."

"Dokta alisema kutakuwa kimya. Tundu limezibwa, mdogo wangu. Damu haina pa kungurumia."

"Na ile ya kwanza ilikuwa kimya pia. Tulipika pilau." Mikono yake ilikuwa imeshika fundo. "Nitajuaje? Niambie. Nitaijuaje hii na ile?"

Dokta Kaliza angekuwa na jibu, ana vipimo na vioo. Sisi tulikuwa na mgongo wa mwanamke mmoja, na mgongo huo ulikwisha kudanganywa.

Hapo Shimwa akaanza kujinyonganyonga ndani ya mbeleko. Akasukuma mgongo wa mama kwa viganja. Akapiga teke.

"Mama, nishushe."

Saidati hakuelewa. Tangu azaliwe, mtoto yule hakuwahi kuomba kushushwa. Alikuwa akiwekwa mgongoni anabaki, kama kanga iliyotundikwa.

"Nishushe. Nataka kushuka."

Fundo likafunguka, Shimwa akateleza mpaka chini, na miguu ilipogusa sakafu hakungoja. Alipita chini ya meza yangu, akaruka kizingiti, akakimbia barazani, viatu vinapiga saruji, akaelekea mteremko wa barabara.

"Shimwa!" Sauti ya Saidati sikuijua. Alimkimbilia peku, akamdaka karibu na kona. Nilipowafikia mtoto alikuwa anahema kwa kicheko, halafu hahemi tena, anavuta mkono ili akimbie mara ya pili. Midomo yake ilikuwa ya waridi. Saidati alikuwa ameketi chini, ukingoni mwa barabara, mbele ya watu, na analia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika. Watu wakasimama kutazama. Nikawaambia waende zao, hapa hakuna msiba. Wengine hawakunielewa, maana nilikuwa nalia pia.

"Kidole kinauma," aliniambia alipopata pumzi. Ukucha ulikuwa umekwisha kupona siku nyingi. Sikumbishia.

Hayo yalipita. Dokta Kaliza anamwona Shimwa kila baada ya miezi kadhaa, msukumo unashuka, na bado hajasema neno "amepona", anasema "tunaendelea". Saidati amerudi kuwa Saidati, hana maneno, na chumvi anailalamikia sasa kuwa nyingi.

Juzi, Idi ikiwa karibu, alikunjua ile paterni ya zamani, karatasi imelainika kwa miaka. Akamsimamisha Shimwa, akaiweka mabegani pake. Haikufika. Akaishusha, akaipandisha, akaitazama kwa muda. Kisha akatoa pini zote mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Mama Ganza," alisema, "nipe karatasi kubwa."